Vita vya Vikombe Mbele ya Sultani Shahabu

Amesimulia msimulizi, naye huongeza chumvi pale tu chakula kinapoitaka, kwamba katika mji wa Darulanwari, uliokaa kati ya milima ya chumvi na bonde la komamanga, alitawala sultani aliyeitwa Shahabu bin Naufali, mtu mnene, mpole, mwenye ndevu za hina na hasira za kukwisha kabla kahawa haijapoa, na raia zake walimpenda kwa sababu hakuwasumbua, na wao hawakumsumbua, na mambo yalikwenda.

Na ajabu ya mji huo haikuwa dhahabu, maana dhahabu kila mji wa hekaya unayo, bali ilikuwa meza. Katika baraza la kasri palikuwa na meza ya mpingo iliyomwagiwa mchanga mwembamba, na juu ya mchanga huo watu wa Darulanwari walicheza mchezo wao: huyu atasema, mimi ni mwizi wa kilemba chekundu, na yule atasema, mimi ni tabibu wa ngamia, na kila mmoja humsemea mtu wake na kumtupia dadu anapotaka kufanya jambo gumu, na mmoja wao, aitwaye mwamuzi, hana mtu wake mwenyewe, bali huvisemea vyote vilivyobaki, wanyama na milango na upepo na mvua, na huamua kwa haki nini kimetokea. Mchezo wa watoto, utasema. Ngoja kwanza. Chini ya meza hiyo mababu walizika pete ya talasimu, na wawili wenye ugomvi wakilamba chumvi juu yake wakaapa, basi linalotokea mezani ndilo linalotokea duniani. Sultani mmoja jirani aliwahi kuja na jeshi lake lote, akashindwa mezani, na alipotoka nje akakuta panga za askari wake zimekuwa miwa. Walirudi kwao wakitafuna.

Na sheria ya kwanza ya meza, ambayo watoto wa mji ule walifundishwa kabla hawajajua kujifunga kikoi, ilikuwa hii: kila kinachokwenda kina nafsi, na kila nafsi ina zamu. Ukipanda farasi mezani, farasi naye huulizwa anafanya nini. Ukipanda punda ndiyo balaa, maana mwamuzi akimsemea punda kama punda alivyo, safari yako imekwisha. Wageni waliicheka sana sheria hii, na wenyeji waliwaacha wacheke.

Mwamuzi wa meza zama hizo alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Thurea binti Sudi, mrefu, mkavu wa maneno, ambaye akiketi mezani hamjui ndugu wala jirani, na Sultani mwenyewe alimwogopa. Mumewe aliitwa Ghalibu, mfua shaba, na huyo alikuwa kinyume chake kabisa: hanyamazi. Akifua sinia anaimba, akila anazungumza, akilala anajibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza, na arusi yoyote ya Darulanwari isiyokuwa na sauti ya Ghalibu ilihesabiwa kuwa imedoda. Thurea alikuwa akimwambia apumzishe koo, naye humjibu kwamba koo lake halijachoka, labda ni masikio yake bibi ndiyo yamezeeka. Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa kelele, na zilikuwa za Ghalibu peke yake.

Basi alasiri moja, watu wapo katika shughuli zao, jua likazibwa. Halikuzibwa na wingu. Kilikuwa kitu cheusi, kikubwa kuliko kasri, hakina mbawa wala tanga, kimesimama angani juu ya mji bila kutoa sauti hata ndogo, na pembeni yake vimesimama vingine vidogo vya namna hiyohiyo. Thurea alikuwa ametoka barazani akajikinga macho kwa kiganja, na kabla hajaelewa anachokitazama, nguzo ya mwanga mweupe ikashuka juu ya Mtaa wa Wafua Shaba, na wanaume wote wa mtaa ule wakaanza kupanda juu, wengine wameshika nyundo, wengine wangali wamechutama kama walivyokuwa kazini, na miongoni mwao akamwona Ghalibu, mdomo wazi, anasema kitu ambacho hakikusikika. Kiatu chake kimoja kilianguka juu ya paa la msikiti. Kisha mwanga ukazimika, na mtaa mzima ukabaki na moto unaowaka chini ya vyungu vya shaba na hakuna wa kuvitazama.

Thurea hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, juu ya ngazi za kasri, mbele ya walinzi, naye ni mwanamke ambaye hakuwahi kukaa chini mbele ya walinzi.

Akashuka kutoka katika chombo kile kikubwa jini mmoja mrefu kama mlango wa ngome, amevaa joho linalometameta rangi ambazo macho ya watu hayajazizoea, akajitambulisha kuwa ni Barjisi, mfalme wa majini wa mbingu ya mbali, na akamwambia Sultani Shahabu kwa adabu nyingi, ile adabu ya mwenye nguvu inayotisha kuliko matusi, kwamba mtaa mmoja haumtoshi, na kwamba anahitaji mji mzima, wake kwa waume, kwa kazi zake. Sultani akamgeukia waziri wake. Ndipo Waziri Muntasiri, mzee mwembamba aliyekuwa akitetemeka mpaka ncha ya kilemba chake unacheza, akakumbuka desturi, akasema kwamba katika mji huu mwenye kutaka kitu kwa nguvu hukitaka mezani.

Barjisi akaelezwa habari ya meza, na pete, na chumvi, akacheka kwa furaha ya kweli, kwa maana majini hupenda mchezo kuliko chakula. Akasema:

"Nimekubali, ewe Sultani mwema, lakini kwa sharti. Nimechoka na farasi na mikuki. Tutapigana kwa vyombo vyangu, vita vya nyotani, kama nipiganavyo mimi. Na mwamuzi wenu avitie vyombo hivyo katika sheria za meza yenu. Mkishinda, nawarudishia watu wenu na naondoka. Nikishinda, mji wote unapanda juu."

Wakalamba chumvi, wakaapa. Waziri akanong'ona kwamba mwamuzi ni mke wa mmoja wa waliochukuliwa, huenda akapendelea, na Barjisi akasikia, akasema hajali. Kwani nani asiyejua hukumu ya pete: mwamuzi akiegemea upande mmoja hata kwa neno moja, upande huo umeshindwa papo hapo. Thurea aliyasikia haya akiwa bado ameketi kwenye ngazi. Akasimama, akakung'uta buibui lake, akasema anataka kukiona chombo kwanza, kwani hawezi kukiwekea sheria kitu asichokijua.

Wakampandisha. Aliyoyaona huko aliyasimulia baadaye kidogo kidogo, na mengine hakuyasimulia kabisa. Aliona kwamba huko juu hakuna juu wala chini. Aliona ngao isiyoshikika, mwanga mwembamba unaokizunguka chombo kizima, na kila jiwe la angani linaloigonga huipunguza. Aliona mizinga inayotema moto bila baruti, na kioo kinachoonyesha adui aliye mbali kuliko mwendo wa mwezi wa msafara. Barjisi mwenyewe alimtembeza, akijigamba kama mwenye nyumba mpya, akijibu kila swali, mpaka walipofika kwenye mlango wa chuma kule nyuma, wenye joto, unaotikisika. Thurea akauliza kilichomo. Barjisi akasema humo umo moto unaokisukuma chombo, na hakuna cha kuona. Thurea akauliza wako wapi wafua shaba. Akajibiwa kwamba wako salama, wanafanya kazi. Akaweka kiganja juu ya ule mlango, mara moja tu, kisha akaomba ashushwe.

Siku zilizofuata mpaka Ijumaa hakuna aliyelala vizuri kasrini. Wanajimu walimshauri Thurea avifanye vyombo vile kuwa majahazi yenye mbawa, basi, yaishe. Akakataa, akawaambia jahazi lina upepo na maji ya kulizuia, na hivi havina. Huko, kitu ukikisukuma hakisimami mpaka mwingine akisukume kukirudisha, na asiyelijua hilo atakufa katika zamu ya pili. Akachukua vikombe vya kahawa akavipindua juu ya mchanga, kila kikombe chombo kimoja. Akakizungushia kila kikombe punje za tasbihi kuwa ndiyo ngao: ukipigwa, punje moja inaondoka, na zikiisha, pigo lifuatalo linavunja kikombe. Akaweka sheria kwamba kikombe kilichosogezwa zamu hii kitasogea chenyewe vilevile zamu ijayo, mpaka kizuiwe. Walipojaribu kucheza, Sultani alifurahi sana kwa kuwa nahodha anaamua kila kitu, na wengine wote wakapiga miayo. Thurea akaona hiyo si vita, ni Sultani anazungumza peke yake, akamgawia kila mtu kiti na kazi: huyu nahodha, huyu wa mizinga, huyu wa ngao, huyu mtazama kioo, na hakuna awezaye kufanya kazi ya mwenziwe. Sultani alinuna kidogo. Kisha akazoea.

Na chini ya kila kikombe akaweka kokwa moja ya tende, kwa sababu ya sheria ile ya kwanza: kinachokwenda kina nafsi. Mara tatu za kwanza mwenye chombo ataisemea, na baada ya hapo ni mwamuzi.

Ijumaa baada ya sala baraza likajaa hata madirishani. Thurea akazisoma sheria zote kwa sauti, na alipofika kwenye kokwa Barjisi akacheka mpaka akafuta machozi, akauliza kama hata kikombe nacho mtakiuliza hali. Akaambiwa ndiyo, kila nafsi ina zamu, naye akasema vema, nimekubali sheria zote, tuanze kabla kahawa yenu haijaota kuvu.

Wakaanza, na Mungu awahurumie walioona. Mwanzoni mji ulishangilia. Waziri Muntasiri, mshika mizinga, ambaye maishani mwake hakuwahi kuua hata mende, alitupa dadu ikaja sita, na kikombe kimoja kidogo cha Barjisi kikapasuka mezani. Na nje, angani, chombo kimoja kidogo kikapasuka kweli, kikaanguka milimani kikiwaka, na watu wakakumbatiana. Lakini Barjisi hakukasirika hata kidogo. Alikisogeza kikombe chake kikubwa polepole, akapiga, na mji ukagundua jambo ambalo ulipaswa kulijua: Darulanwari haikuwa na vyombo angani, kwa hiyo kikombe chake kilipovunjika, kilichoanguka nje kilikuwa ni mnara wa ukuta wa mji. Kikavunjika cha pili, ukaanguka wa pili. Vumbi likaingia barazani mpaka kwenye mchanga wa meza. Thurea alitangaza kila pigo kwa sauti ileile moja, hakuipandisha wala kuishusha, na aliyekaa karibu naye aliona tu kwamba mkono wake wa kushoto umeshika ukingo wa meza tangu mchezo uanze na haujauachia.

Ikafika zamu ambayo Sultani alibaki na kikombe kimoja, hakina punje hata moja, na kikombe kikubwa cha Barjisi, kilichokwisha kusukumwa kwa nguvu kuelekea mjini, kinakuja. Barjisi akanyoosha mkono kuchukua dadu. Thurea akamzuia. Akamkumbusha kwamba kabla ya kupiga kuna zamu ya kilicho chini ya kikombe, ambayo katika zamu zilizopita yeye mwenyewe Barjisi alikuwa akiiruka kwa kusema "moto wasukuma, endelea," na mwamuzi alimwachia kwa sababu mwenye chombo ana haki ya kukisemea mara tatu. Mara tatu zimekwisha. Barjisi akasema haya, uliza, lakini fanya haraka.

Thurea akakiinua kikombe. Akaitazama ile kokwa, akasema kama asemavyo kwa punda na kwa milango:

"Wewe unayekiendesha chombo hiki, zamu ni yako. Wafanya nini?"

Kisha akafungua mdomo ili aujibie moto, kwa sauti ya moto, kama alivyokuwa amekusudia. Na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nene, yenye mkwaruzo wa moshi wa shaba, na hapakuwa na mtu barazani ambaye hakuwahi kuisikia arusini.

"Thurea," ilisema. "Nani amezima taa?"

Loo. Sultani aliiangusha kahawa yake. Wanawake wa Mtaa wa Wafua Shaba waliokuwa madirishani waliinuka wote pamoja. Thurea alijishika koo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na sauti ikaendelea kutoka kati ya vidole vyake, ikieleza, kwa kukatakata, kwamba humo ndani hakuna moto. Humo mna watu. Mwili unalazwa rafuni, nafsi inachomolewa na kufungwa ndani ya chuma, na kazi yake ni kusukuma. Aliyekuwapo kabla yake alikuwa mfinyanzi wa mji mwingine, na amesukuma mpaka ameisha. Wenziwe wa mtaani wamewekwa akiba. Na vile vyombo vidogo navyo, kila kimoja kina mtu wake.

Sisi tumezoea hekaya za binadamu kuwafunga majini ndani ya chupa, na majini hao kuwajengea makasri na kuwaletea mabinti wa wafalme, na hatujawahi kuuliza jini anaonaje. Siku ile watu wa barazani waliulizana hilo kwa mara ya kwanza. Na Waziri Muntasiri akakikumbuka kikombe kidogo alichokivunja akashangiliwa, akajua kilikuwa na mtu, akajifunika uso kwa joho lake na hakuufunua tena mpaka mwisho.

Barjisi alitaka kusimama. Hakuweza. Pete ilikuwa imemshika pale alipo mpaka zamu iishe, kwa kuwa aliikubali sheria kwa kinywa chake mbele ya watu.

Ghalibu akauliza, kwa mdomo wa mkewe, akiacha kusukuma itakuwaje. Hapo ndipo pagumu. Mke alitaka kumwambia, acha, toka, rudi nyumbani. Mwamuzi hana ruhusa ya kushauri, na neno moja la kuegemea lingeupandisha mji wote juu. Thurea akamjibu kwa sauti yake, ile kavu, kwamba kitu kilichosukumwa huko hakisimami chenyewe, sheria ndiyo hiyo, na chombo kimeelekezwa mjini. Akiacha, kitaangukia mji. Ghalibu akauliza kama anaweza kukigeuza kiende kwenye milima ya chumvi.

"Unaweza kujaribu," alisema Thurea. "Moja na mbili, umeshindwa. Tano na sita, umefaulu. Tatu na nne, utapata ulitakalo, na utalilipia kwa kitu kitakachokuuma kweli, na mimi ndiye nitakayekitaja."

"Mimi sina mikono huku."

"Asiye na mikono hutupiwa na mwamuzi."

Basi akaichukua ile dadu ya pembe. Watu walisema baadaye kwamba aliishika muda mrefu, na wengine wakasema aliitupa upesi, kila mtu na alivyoona. Ikabingirika juu ya mchanga, ikagonga kikombe cha Sultani, ikasimama. Tatu.

Barjisi, aliyekuwa amefungwa mwili lakini si ulimi, akatabasamu. Akamwambia kwa upole, "Taja malipo, ewe mwamuzi mwadilifu. Na yasiwe hafifu, kwani sote tunajua yatakayokupata."

Akili ya Thurea ikazunguka. Uhai wake? Akitaja uhai amemuua kwa ulimi wake, na sheria haikumtaka amuue, ilimtaka amuumize. Mkono mmoja? Fundi hufua kwa mkono mmoja, naye angekuwa na hadithi ya kuwasimulia watu maisha yake yote, na pete ingejua kwamba malipo ni hafifu. Akamfikiria mtu yule kama amjuavyo, siyo kama ampendavyo: asubuhi anapoamka anaanza kusema kabla hajafumbua macho. Machozi yakamtoka mezani kwa mara ya kwanza tangu awe mwamuzi, na sauti yake haikutikisika.

"Sauti," alisema. "Ghalibu atakigeuza chombo, na hatasema tena wala kuimba mpaka afe."

Barjisi akasema hilo ni dogo. Mchanga wa meza ukatetemeka, kila punje, kama unga unaochekechwa, na watu wakashika roho zao. Kisha ukatulia. Pete imekubali. Na kutoka kinywani mwa Thurea sauti ya mumewe ikasema, bila kulalamika, "Haya. Shikilieni meza," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Chombo kikubwa kilipita juu ya kasri karibu kiasi kwamba kiliondoka na bendera. Kikalia, na hicho kilio cha chuma ndicho sauti pekee kiliyopata kuitoa, kikapinda, kikaenda kujikwangua juu ya milima ya chumvi kwa urefu wa nusu siku ya mwendo, kikasimama. Na Thurea hakungoja. Alivipitia vikombe vyote vya Barjisi kimoja kimoja, akakiinua, akaiuliza kokwa, zamu ni yako, wafanya nini. Na kila mara ilitoka kinywani mwake sauti ngeni, ya mzee, ya msichana, kwa lugha za miji ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, na hakuna aliyehitaji mkalimani kuelewa wanachosema. Vyombo vikashuka vyenyewe juu ya chumvi, taratibu, kila kimoja na mtu wake.

Kiapo ni kiapo: Barjisi alitakiwa kurudisha watu na kuondoka. Watu walikuwa wamesharudishwa. Kuondoka, hakuwa na cha kumbeba. Jini yule hakuwahi maishani mwake kwenda mahali pasipo mtu wa kumsukuma, na sasa alilivuta joho lake linalometameta akatoka kwa miguu katika lango la mashariki, akijikwaa, na watoto wakimfuata kwa mbali mpaka walipochoka. Hatujui alikofika.

Wafua shaba wakapatikana rafuni wamelala, wakazinduka, wakauliza habari za vyungu vyao. Ghalibu alizinduka wa mwisho, nafsi yake iliporudi mwilini, mzima wa viungo vyote. Alimwona mkewe, akafungua mdomo. Akaufunga. Akaelewa.

Sultani Shahabu alimpa Thurea nusu ya hazina na bustani ya komamanga na kasri dogo la kando ya mto, na wageni wote walioshuka katika vyombo akawapa nyumba au nauli ya kurudi kwao, kila mmoja alivyopenda. Lakini kadhi wa mji, mtu mwenye kushika sheria mpaka anachosha, akaja na neno: mtu aliyechomolewa nafsi amekufa kisheria, hata kama amerudi, na ndoa yake imevunjika; kwa hiyo Thurea na Ghalibu, wakitakana, wafungishwe upya. Sultani akasema wafungishwe kwa gharama yake, na akaamrisha mapishi ya kulisha mji mzima. Arusi ikawa kubwa, na hakuna aliyethubutu kuimba.

Ikafika pahala pa kadhi kumuuliza bwana arusi, naye bwana arusi ni lazima aseme mwenyewe kwamba amekubali. Kadhi mwenyewe alikuwa hakulifikiria hilo, akawa anazigeuzageuza kurasa za kitabu chake. Watu wakalitazama pazia ambalo nyuma yake ameketi Thurea, kwani yule ndiye aliyevisemea punda na milango na mvua kwa miaka yote, na alikwisha kumsemea huyuhuyu mbele ya macho yao. Sultani akainama karibu na pazia, akamnong'oneza amsaidie mwenzake, neno moja tu, hakuna atakayeona vibaya.

Thurea akajibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mume wake ana kinywa chake.

Ghalibu akamtazama kadhi. Akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta zamani kabla ya kuimba, kifua kikajaa, mishipa ya shingo ikasimama, akafungua mdomo mpana, ikatoka pumzi peke yake. Akavuta tena. Ikatoka pumzi. Alirudia mpaka jasho likamtiririka juu ya kanzu ya arusi, hakutikisa kichwa, hakuashiria kwa mkono, alitaka kulisema, na ukumbi mzima, kuanzia Sultani mpaka wapishi mlangoni, walikuwa wakilia. Nyuma ya pazia hapakusikika kitu.

Kadhi akafunga kitabu.

"Nimesikia," alisema, na akaandika kwamba bwana arusi amekubali.

Wakaishi katika kasri lao la kando ya mto, matajiri, na nyumba yao ilikuwa kimya kuliko nyumba zote za Darulanwari. Na mwenye kuitaka faida ya hekaya hii aichukue: kinachokubeba, muulize anayekisukuma, na uulize mapema, kabla hajalipa yeye. Mimi niliyopokea ndiyo hayo, na nimeyafikisha kwenu.